Mwongozo kwa Mwenye Kibanja Anayetaka Kufuga Vimeng'enya

Ikiwa unaishi Songambele hapa Kyerwa, au hata kule Nkwenda na Kaisho, na umechoka kung'oa migomba iliyooza, huenda umeanza kusikia habari za vimeng'enya vinavyokata DNA. Kijana aliyerudi likizo kutoka chuoni amekueleza, kwa sauti ya mtu asiyejilipia ada, kwamba maabarani kuna vitu vinavyoingia ndani ya chembe za urithi, vikatafuta sehemu moja tu kati ya mamilioni, vikakata hapo hapo na kuacha pengine pote salama. Nawe ukawaza: kumbe dawa ya mnyauko ipo, ila wakubwa wameificha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, usome kabla hujauza mbuzi.

Hamu yako inaeleweka. Mnyauko bakteria hauhitaji kutambulishwa kwa mtu wa Kyerwa au Karagwe. Ua dume linasinyaa, mkungu unaiva kabla ya siku zake, ndizi ukiikata ndani ina madoa ya kahawia, shina ukilikata linatoa usaha wa manjano. Bakteria huyo alielezwa mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968 kwenye enseti, mmea unaofanana na mgomba. Mwaka 2001 alionekana Uganda, na kufikia 2006 alikuwa ameshaingia Kagera. Kila aina ya mgomba tunayoilima kwa chakula na kwa pombe huugua akiifikia. Mtu aliyepoteza nusu ya kibanja kwa misimu miwili ana haki ya kuwa na mawazo ya ajabu.

Uliza ukoo kwanza

Vimeng'enya hivi hakuvibuni mtu. Ni silaha za bakteria wenyewe. Bakteria naye ana virusi wanaomsumbua: hutua juu ya ngozi yake, humwingizia DNA yao, na kumlazimisha awazalie virusi wengine mpaka apasuke. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Salvador Luria na Mary Human, kisha Giuseppe Bertani na Jean Weigle, waliona kioja. Virusi waliokulia ndani ya aina moja ya bakteria walikwama walipohamia aina nyingine, lakini wachache walionusurika huko walizaa watoto waliostawi bila shida. Miaka ya 1960, mjini Geneva, Werner Arber na Daisy Dussoix walionyesha kwamba DNA ya virusi wageni ilikuwa inakatwakatwa mara tu ilipoingia mlangoni. Mwaka 1970, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Hamilton Smith na Kent Wilcox walikitoa kimeng'enya kinachokata mahali maalumu kutoka kwa bakteria aitwaye Haemophilus influenzae, na mwaka uliofuata Daniel Nathans na Kathleen Danna wakakitumia kukata DNA ya virusi wa nyani ikawa vipande 11. Tuzo ya Nobel ya 1978 walipewa Arber, Smith na Nathans. Dussoix, Wilcox na Danna hawakuitwa jukwaani, jambo ambalo kila aliyewahi kupalilia shamba la mwenye hati atalielewa bila kufafanuliwa.

Sasa majina, maana hapa ndipo mwenye kibanja anapopaswa kusimama na kushika kiuno. Kila kimeng'enya huitwa kwa herufi za bakteria kilikotolewa, na mwishoni huwekwa namba ya Kirumi ya zamu yake ya kugunduliwa. EcoRI kimetoka kwa Escherichia coli. HindIII kimetoka kwa Haemophilus influenzae. Vizuri. Na XhoI je? Kimetoka kwa Xanthomonas holcicola. XbaI kimetoka kwa Xanthomonas badrii. XmaI kimetoka kwa Xanthomonas malvacearum, mharibifu wa pamba. Hiyo Xanthomonas unayoisikia mara tatu ndiyo hiyo hiyo iliyotandaza mnyauko kwenye kibanja chako.

Tena si ukoo wa mbali. Huyo wa XhoI ni bakteria anayechanja majani ya mtama. Kwa miaka mingi bakteria wa mnyauko wa migomba aliandikishwa kama Xanthomonas campestris; mwaka 2020 wanasayansi, baada ya kulinganisha DNA, walimhamishia Xanthomonas vasicola, spishi ambayo huyo wa mtama alikuwa ameshawekwa. Sisi tumezoea kukutanisha ndizi na mtama kwenye mtumbwi wa pombe ya lubisi. Kumbe maradhi yao nayo ni ndugu. Kwa hiyo ukifungua friza ya maabara yoyote ya vinasaba, utaikuta mali ya ukoo uliokuangamizia migomba, imepangwa kwenye vichupa vidogo kuliko kidole gumba, ikiuzwa kwa dola.

Namna kinavyosoma

Kosa kubwa la asiyejihadhari ni kudhani kimeng'enya ni panga dogo. Panga hukata palipoelekezwa na mkono. Kimeng'enya hakina mkono wala mwenye mkono. Kina umbo tu, na umbo hilo hukubali maandishi ya aina moja.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, zilizoandikwa kwa herufi nne: A hukabiliana na T, G hukabiliana na C. EcoRI hutafuta GAATTC. Chukua karatasi uandike herufi hizo, kisha chini yake andika wenzao: CTTAAG. Sasa huo uzi wa chini usome kinyumenyume, kama inavyotakiwa, kwa sababu nyuzi hizi mbili zimelala kila mmoja kichwa kwenye miguu ya mwenzake. Utapata GAATTC tena. Maeneo mengi yanayotafutwa na vimeng'enya vinavyotumika maabarani yako hivyo, na sababu yake inaonekana ukikitazama kimeng'enya chenyewe: kina nusu mbili zinazofanana kabisa zilizoshikana, kila nusu ikiushika uzi mmoja. Nusu hizi zinakubaliana au hakuna kinachokatwa.

Wala usidhani kinafungua nyuzi ili kipekue ndani. Kinasoma kwa kupapasa kutoka nje. DNA iliyosokotwa ina mifereji miwili upande wake wa nje, mpana na mwembamba, na kwenye ule mpana kila jozi ya herufi hutokeza kingo zake za kikemia: hapa sehemu inayotoa haidrojeni, pale inayoipokea, pale kijinundu kisichotaka maji. Protini huingiza vidole vyake humo na kufunga vifungo vya haidrojeni, kimoja baada ya kingine. Herufi zote sita zikikaa sawa, vifungo vyote vinafunga. Moja ikikosewa, vingine vinapinda, na kitu kizima hakikai.

Lakini kinafikaje hapo, kwenye uzi wenye mamilioni ya herufi? Kwa kutangatanga. Kinatua popote kilipobahatika, kinateleza juu ya uzi umbali fulani, kinaruka, kinatua tena, kinateleza. Muda wote huo kimeishika DNA kwa ulegevu, kukiwa na tabaka jembamba la maji kati yao. Kikifika kwenye maandishi yake, tabia inabadilika ghafla. Maji yanabanwa nje, protini inajifunga kuzunguka uzi, na DNA yenyewe inapindwa. EcoRV, kwa mfano, huipinda kwa pembe ya nyuzi kama 50. Mpindo huo ndio unaoisogeza sehemu ya kukatia mpaka kwenye kinywa cha kimeng'enya, ambako ioni za magnesiamu zinasubiri pamoja na molekuli ya maji. Maji yanashambulia kifungo cha fosfati kilicho kwenye uti wa DNA, na uti unakatika. Na ukali wa ubaguzi huu si wa kawaida: herufi moja tu ikibadilika kati ya zile sita, kasi ya kukata inaweza kushuka hata mara milioni moja. Afisa wa mpakani Murongo aliyekuwa makini kiasi hicho asingepitisha hata gunia moja la kahawa.

EcoRI hukata kati ya G na A kwenye kila uzi, kwa hiyo mikato miwili haikabiliani na kila kipande kinabaki na mkia wa AATT unaoning'inia. Mkia huo hushikana na mkia wowote mwingine uliokatwa na EcoRI, hata kama umetoka kwa kiumbe kingine kabisa. Stanley Cohen na Herbert Boyer walilitumia hilo mwaka 1973 kuunganisha vipande vya DNA na kuvirudisha ndani ya bakteria vikiwa vinafanya kazi. Mwaka uliofuata tayari kipande cha DNA ya chura kilikuwa kinanakiliwa ndani ya bakteria. SmaI hukata CCCGGG katikati kabisa na kuacha ncha butu, ambazo kuziunganisha kunachosha. Hilo tuliache.

Hesabu ambayo kijana hakukufanyia

Aliposema kimeng'enya kinakata sehemu moja tu, alikuwa anasema robo ya ukweli. Kinakata kila mahali palipoandikwa maandishi yake. Herufi zikiwa nne, mfuatano fulani wa herufi sita hujitokeza kwa bahati wastani wa mara moja katika kila herufi 4,096. Virusi vya bakteria viitwavyo lambda vina herufi 48,502. EcoRI huvikata mahali 5, XhoI mahali pamoja tu. Hapo kijana yuko sahihi. Lakini mgomba uliosomwa maandishi yake yote mwaka 2012, aina iitwayo Pahang, una zaidi ya herufi milioni 500. Gawanya mwenyewe. Kwa hesabu hiyo ya bahati, ukimwaga XhoI kwenye DNA ya mgomba ungetarajia vipande vingi mno, na hakuna hata kimoja kitakachokushukuru.

Ndiyo maana wazo la kummiminia mgomba mgonjwa kimeng'enya ili kimkate bakteria aliye ndani ni wazo la kuchekesha, ingawa linatolewa na watu wenye huzuni. Kwanza hakitaingia: chembe ya mmea ina ukuta, na kimeng'enya ni protini, kubwa mno kupita. Pili, kingeingia, kingekuta maandishi ya mgomba kabla ya maandishi ya bakteria. Hakijui nani mgonjwa na nani mwenye maradhi. Hakijui hata kwamba kuna mgomba.

Na bakteria mwenyewe, kwa nini hajikati? Kwa sababu kila silaha ya namna hii ina mwenzake: kimeng'enya cha pili kinachotafuta maandishi yale yale na kuyapaka alama, kikundi kidogo cha methili juu ya A au C. Herufi iliyopakwa haimruhusu mkataji kufunga vifungo vyake. DNA ya nyumbani imepakwa, ya mgeni haijapakwa, basi ya mgeni inakatwa. Mara chache mpakaji humwahi mkataji, na kirusi mgeni hupakwa alama ya nyumbani. Watoto wake wote watapita bila kuguswa. Ndicho kioja walichokiona Bertani na Weigle.

Hapa pana shimo wanalotumbukia wanafunzi kila mwaka. XbaI hutafuta TCTAGA. Ikitokea herufi zinazofuata ni TC, unapata GATC ndani yake, na aina nyingi za E. coli za maabara huipaka methili kila GATC wanayoikuta, kwa shughuli zao wenyewe. XbaI ikifika pale inakataa. Maandishi yapo, ramani inasema yapo, na hakuna kinachokatika. Mwanafunzi anamlaumu muuzaji, kisha umeme, kisha mwenzake wa meza ya jirani. Dawa ni kukuza plasmidi, yaani kile kipete cha DNA kinachokatwa, ndani ya bakteria asiye na mpakaji huyo. Inachukua siku chache, baada ya mwezi wa lawama.

Malezi

Kimeng'enya hulala kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani ya gliseroli asilimia 50 ili kisigande. Vingi hufanya kazi kwenye nyuzi 37, na vingi hufa vikikaa dakika 20 kwenye nyuzi 65. Mwenye kibanja atakayekiweka kwenye friza ya duka la soda ajiandae: umeme ukikatika usiku mmoja, asubuhi ana maji ya bei ghali.

Usikiongeze kwa matumaini kwamba kikizidi kitafanya kazi zaidi. Gliseroli ikizidi asilimia 5 kwenye mchanganyiko, au chumvi ikipungua, au manganizi ikichukua nafasi ya magnesiamu, baadhi ya vimeng'enya, EcoRI kikiwa cha kwanza, hulegeza masharti na kuanza kukata maandishi yanayofanana tu na ya kwao. Kwa hiyo kanuni ya maabara ni kwamba kimeng'enya kisizidi moja ya kumi ya mchanganyiko wote. Bila magnesiamu kabisa, EcoRI huyapata maandishi yake, huyashika, na kukaa hapo bila kukata. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya kijiji vya namna hiyo.

Mgomba wenyewe ni mteja mgumu. Ule utomvu unaoharibu shati jeupe milele una kemikali zinazogandamana na DNA, na pamoja nao kuna sukari nzito zinazofanya DNA iwe kama uji wa makamasi. Kimeng'enya kikiwekwa humo hakifanyi kitu. Anayetaka kukata DNA ya mgomba hutumia muda mwingi zaidi kuisafisha kuliko kuikata, na huchagua jani changa lililojiviringisha, ambalo halijakusanya ubaya mwingi.

Kilichokwisha kufanyika

Usije ukadhani nakwambia vitu hivi havina faida. Chukua selimundu, ambayo Kanda ya Ziwa inaijua kwa majina ya watoto wake. Kwenye jeni ya himoglobini, mahali palipopaswa kuwa CCTGAGG, herufi moja imegeuka na kuwa CCTGTGG. Kimeng'enya MstII hukata ya kwanza na huikataa ya pili. Mwaka 1982 watafiti walionyesha kwamba mtu asiye na selimundu hutoa hapo kipande cha herufi kama 1,150, mwenye selimundu hutoa kirefu zaidi cha kama 1,350, na aliyerithi jeni moja ya kila aina hutoa vyote viwili. Kukataa kwa MstII kulikuwa jibu la daktari.

Na kwa mgomba, vimeng'enya vilifanya kazi ya fundi anayekata mbao, wala si ya mganga. Kule Kawanda, Uganda, watafiti wa NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, akiwemo Leena Tripathi, walichukua jeni mbili za pilipili hoho zinazoisaidia kuitikia shambulio la bakteria, wakazipandikiza kwenye migomba. Jeni kama hizo hubebwa kwenye plasmidi, na plasmidi hutengenezwa kwa kukata na kuunga. Mwaka 2010 migomba hiyo ilipandwa kwenye jaribio lililozungushiwa uzio. Baadhi yake ilisimama wima dhidi ya mnyauko, na matokeo yalichapishwa 2014. Haijafika Kyerwa. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa usalama wa bioteknolojia mwaka 2017 na rais akaurudisha bila kuusaini. Kwetu Tanzania, mwishoni mwa 2018, Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba yasimame. Kwa maoni yangu, ugomvi wenyewe juu ya mazao hayo ni halali. Ninachokataa ni ugomvi unaoendeshwa na watu wa pande zote mbili ambao hawajui kimeng'enya kinakata nini.

Sasa neno la mwisho kwako, waitu. Siku ukiwa mnadani na mtu akatandaza turubai, akakuonyesha chupa ya maji maji yenye picha ya DNA, akasema hii hukata vinasaba vya mnyauko, nyunyiza mara mbili, muulize mambo mawili: inatafuta herufi gani, na ilikuwa kwenye baridi ya nyuzi ngapi tangu asubuhi. Kisha ondoka. Nyumbani, kata kijiti chenye panda, uvunje ua dume mara tu chane ya mwisho inapotokeza. Usitumie panga kwa kazi hiyo. Usichukue machipukizi kwenye kibanja chenye ugonjwa, hata kama ni cha shemeji. Panga la kukatia shina lichome motoni au lioshe kwa Jik kabla hujagusa mgomba wa pili. Fedha ya ile chupa inunulie Jik.